Neno la Kingozi

Mwezi wa Machi mwaka 2017 mtoto wa kaka yangu alivuka kutoka Pemba, akaniletea karatasi mbili ndani ya bahasha ya kaki. Alikuwa amempeleka baba yake hospitali ya Bara, wakakaa huko siku kumi na moja, wakarudi na dawa za kikohozi, picha nyeusi za kifua, na neno moja. "Ami," akaniambia, "baba ana idiopathiki." Alilitamka polepole, kama mtu abebaye chungu kilichojaa maji hadi ukingoni.

Nikamuuliza daktari alisema nini hasa. Akanieleza kuwa yeye ndiye aliyeuliza ugonjwa huu umetokana na nini, na daktari akajibu: ni idiopathiki. Akauliza mara ya pili, kwa adabu, akidhani hakusikia vyema. Daktari akalirudia neno lile lile, safari hii kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujibu, huku mkono wake ukitafuta faili la mgonjwa mwengine. Kijana akashukuru, akatoka.

Mimi ndiye mfasiri wa ukoo. Shahada sina, na shule niliiacha mapema. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa redio na kamusi iliyokosa jalada na kurasa zote za herufi ya mwisho. Lakini kila karatasi yenye Kiingereza, iwe hati ya shamba, barua ya ubalozi au maelezo ya dawa ya macho, safari yake humalizikia juu ya meza yangu. Nikamwambia kijana aniachie bahasha hadi siku ya pili.

Sehemu kubwa ya karatasi zile haikuwa na matata. Zilieleza kwamba mapafu ya mgonjwa yamefanya makovu. Kwamba nyama iliyokuwa laini imekuwa ngumu, basi hayatanuki kama yapasavyo, wala hayapitishi hewa vyema kwenda kwenye damu. Hayo niliyaandika kwa Kiswahili bila ya taabu. Kisha nikafika kwenye neno lenyewe. Mizizi yake ni ya Kiyunani: idios, yaani kilicho cha mtu mwenyewe au cha pekee, na pathos, yaani mateso au maradhi. Maradhi ya kivyake! Nikaona hapo bado sijapata kitu. Nikaazima kamusi ya utabibu kwa jirani, nikakuta maelezo mafupi mno: yasiyojulikana chanzo chake.

Nililitazama jambo hili kwa muda. Kijana aliuliza, chanzo ni nini? Akajibiwa, ni kile kisichojulikana chanzo. Swali lake lilivishwa joho la Kiyunani, likarudishwa kwake, naye akalipokea kwa mikono miwili akalivusha bahari.

Wapenzi wa tamthilia watamkumbuka Molière. Katika mchezo wake wa mwisho, ule wa mtu ajidhaniaye mgonjwa, uliochezwa mara ya kwanza mjini Paris mwaka 1673, mna mtahiniwa wa utabibu anayeulizwa na walimu wake kwa nini afyuni humletea mtu usingizi. Hujibu, kwa Kilatini cha kuungaunga, kwamba afyuni ina ndani yake nguvu ya kuleta usingizi. Walimu wote humshangilia na kumkubali katika jamii yao tukufu. Watu wamekuwa wakicheka mahali hapo kwa zaidi ya karne tatu, na mimi nilicheka nilipousoma mara ya kwanza. Mambo mawili sikuyatia maanani wakati ule. La kwanza, Molière mwenyewe alikuwa mgonjwa, akikohoa, na ndiye aliyeigiza nafasi ya mgonjwa wa uongo. Alizidiwa katika onyesho la nne, tarehe 17 Februari, akafariki usiku ule ule. La pili, mtahiniwa yule hasemi uongo. Afyuni ina nguvu ya kuleta usingizi, kweli kabisa. Ila ajibuye hivyo hajaongeza hata punje juu ya alichoulizwa.

Mfasiri, kwa bahati mbaya au nzuri, hukutana na maneno ya namna hii kila siku, maana yeye ndiye alazimikaye kuyavua nguo kabla ya kuyavusha. Miaka mingi iliyopita nilipewa kazi ya kufasiri kijikaratasi kuhusu presha. Kiingereza cha madaktari kina neno kwa ile presha iwapatao wagonjwa walio wengi, kiasi cha 9 katika kila 10, ambao hakupatikani kwao chanzo kimoja cha kuonyeshwa kidole. Neno hilo, kwa sura yake ya nje, maana yake ni "-a lazima" au "muhimu". Nami, kwa ujinga wangu, niliandika "presha ya lazima". Muuguzi mmoja mzee aliyekuwa akiyapitia maandishi aliniuliza, "Nani aliyeilazimisha?" Nikafuta. Lakini alipoulizwa yeye maana yake, alifikiri, akasema, "Presha ile ya kawaida." Wala hakuwa mbali na ukweli kunishinda.

Nisije nikawadhulumu matabibu. Wenyewe kwa wenyewe neno idiopathiki lina kazi yake na lina uaminifu wake. Humwambia tabibu mwengine kwamba tumekwisha kuvitafuta vyanzo tuvijuavyo, vumbi la kazini, dawa fulani, maradhi ya viungo, na hatukukuta hata kimoja. Ni habari hiyo, tena ya thamani. Wanahesabu wa Kiarabu wa zamani walikiita kile wasichokijua katika hesabu zao shai, yaani kitu, wakakizungusha huku na huku mpaka kikajulikana. Hapakuwa na aliyedanganyika, kwa sababu kila aliyekuwamo alijua kwamba shai ni mahali palipoachwa wazi. Balaa huanza neno litokapo katika chumba cha wenyewe, likapewa mtu wa nje kana kwamba limejaa.

Na mtu wa nje hulijaza. Nilipokwenda Wete wiki tatu baadaye niliyakuta yale waliyolijazia. Jirani mmoja alikuwa amesikia kuwa idiopathiki ni ndugu wa kifua kikuu, kwa hiyo watoto wa mtaani hawakuwa wakipita tena barazani kwa kaka. Mwengine alikuwa ametanabahi kwamba maradhi yameanza mwaka ule ule kaka alipogombana na mshirika wake wa zamani wa chombo kwa sababu ya fedha, na kwamba huyo mshirika ana mtu wake wa kumwendea katika mambo kama hayo. Wazee hao wawili, waliokula sinia moja kwa miaka thelathini, walikuwa hawaamkiani. Shemeji yangu, mwanamke mwema ambaye sina la kumlaumu, alikuwa amekitenga kikombe kimoja cha bati cha rangi ya buluu, akakifanya cha mumewe peke yake, akikiosha mbali na vyengine kwa maji ya moto na majivu. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, wala aliyemwambia asifanye. Alikuwa amepewa neno, akalifanyia kazi kadiri alivyoweza.

Hapa msomaji atatarajia nimhukumu daktari. Ningependa, na karatasi hii ingekuwa fupi zaidi. Lakini kabla sijafika kitandani kwa kaka sina budi kueleza jambo langu mwenyewe.

Mwaka 2009 palikuwa na kikao cha ushairi hapa Unguja, usiku, uani, kwa viti vya kukodi. Nilialikwa kusoma na kueleza nyimbo za harusi za kina mama wa Pemba ambazo nilikuwa nikizikusanya. Mojawapo ilikuwa ya bibi yetu, mzaa mama. Si wimbo mrefu. Ndani yake yanatajwa maneno mawili yaliyokabiliana, joshi na demani. Demani niliijua, ama nilidhani naijua: ni msimu ule kusi inapopungua nguvu na bahari kutulia. Joshi sikuijua. Nilikuwa nimeisikia kwa bibi nikiwa mtoto, nikaiandika kama nilivyoisikia, na wala sikuuliza. Nilipomaliza kusoma, binti mmoja wa chuo, aliyekaa safu ya nyuma na daftari mapajani, akainua mkono akauliza joshi ni nini.

Palikuwa na watu wapatao sitini. Mbele yangu walikaa walimu wawili wa chuo kikuu, watu wenye vyeti vya kweli. Nikatengeneza miwani. Nikasema: "Hilo ni neno la Kingozi."

Wapenzi wa tenzi wanaifahamu nguvu ya neno hili. Tangu karne ya 19, walipoanza wageni kukusanya na kuchapisha mashairi yetu, Kingozi limekuwa likitajwa kuwa ndicho Kiswahili cha kale. Wako wasemao kilikuwa lahaja ya watu wa upande wa Pate. Wako wasemao hakikuwa cha mji wowote, bali ni lugha teule ya watunzi. Wala hawajapatana hadi leo. Sina ugomvi na watafiti hao. Wanaotafuta kwa haki huandika wazi mahali walipokwama. Lakini sisi wengine tumelifanya neno hilo kuwa kawa la kufunikia sahani tupu. Neno likitushinda katika ubeti, husema ni la Kingozi. Muulizaji huona kuwa kosa ni lake kuuliza kitu cha kale na kitukufu kiasi hicho. Nami sikutosheka na hapo. Nikaongeza kwamba "kimaana linafanya kazi ya kiishara zaidi, likiashiria ukale na enzi". Mmoja wa walimu wale akatikisa kichwa kwa kukubali. Huenda naye hakulijua. Binti akaandika daftarini mwake.

Miaka miwili baadaye zile nyimbo zilitoka katika kijitabu, na kwenye ukurasa wa 27, chini ya wimbo wa bibi, imepigwa chapa: joshi, neno la Kingozi, ishara ya ukale na enzi.

Nimejiuliza mara nyingi ni nini kilichonizuia kusema "sijui". Halikuwa neno gumu. Ni silabi tatu, tena za Kibantu safi. Nadhani mtu aliyejifundisha mwenyewe huliogopa kuliko mwengine yeyote. Mwenye cheti akisema hajui, cheti chake kipo ukutani, hakianguki. Mimi ukuta wangu ulikuwa mtupu, na kila nilichokuwa nacho kilikuwa mdomoni. Lakini nikimfikiria daktari yule mwenye vyeti vyake, na foleni ya wagonjwa mlangoni pake, na hofu yake pengine kwamba akisema hajui huyu atatoka hapa moja kwa moja hadi kwa mganga, naona kwamba sote wawili tulikuwa tunauweka mkono juu ya kitu kile kile. Inasimuliwa kwamba Imam Malik wa Madina, aliyefariki mwaka 795, aliulizwa masuala 48 katika kikao kimoja, akayajibu 32 kati yake kwa kusema, sijui. Naye alikuwa Malik. Kwetu tunacho kitambaa laini zaidi, "Mungu ndiye ajuaye", ambacho ni kweli na ni ibada. Ila nimepata kukisikia, na nimepata kukitumia, kwa ajili ya kufunga mlango mbele ya uso wa muulizaji.

Nirudi Wete. Nilimkuta kaka barazani, ameegemezwa mito miwili, kifua chake kikipanda na kushuka kama cha mtu aliyepanda ngazi, ilhali alikuwa amekaa tangu asubuhi. Kaka amenizidi miaka kumi na minne. Ujanani alikuwa baharia wa majahazi, wakipakia boriti za mikoko katika delta ya Rufiji na kuzileta Unguja, na mikono yake ilikuwa bado na ugumu wa kamba. Nikamwamkia, akaniitikia, nikakaa mkekani. Shemeji akaleta chai: vikombe vya udongo vya wageni, na kile cha buluu.

Nikamsomea karatasi kama nilivyoifasiri, neno kwa neno. Nilipofika penyewe nikasema, "Kaka, idiopathiki maana yake hawajui chanzo chake. Wamevitafuta wanavyovijua, hawakuviona. Basi."

"Hawajui?"

"Hawajui. Nami nimemuuliza tabibu mwengine mjini, ameniambia maradhi haya hayaambukizi."

Shemeji alikuwa bado amesimama mlangoni na birika. Kaka akanyamaza kitambo, kisha akaanza kucheka, akacheka hata kikohozi kikamshika, tukamngojea. Alipopata pumzi akasema, "Kumbe na yeye kaniambia Kingozi!"

Mara ya kwanza sikumfahamu. Kisha nikahisi masikio yananiwaka.

"Ulikijua, kaka?"

"Kijitabu chako si ulinipa? Mimi nilikisoma chote." Akakimimina chai kile kikombe cha buluu mpaka kikawa kitupu, akakiweka juu ya mkeka baina yetu, akalaza kijiko juu yake kwa mshazari. "Hiki chombo. Hii foromali, na tanga linaning'inia hapa. Upepo unatoka huku." Akapuliza, na pumzi ikamkatikia katikati, akangoja, akaendelea kwa sauti ndogo. "Huku unakotoka upepo ndiko joshini. Kule unakokwenda ni demani. Chombo kikiinama huinamia demani, basi watu hupandishwa joshini wakitie uzito kisije kikalala. Na wimbi likipiga, rasharasha ni yao. Aliyekaa demani amekaa chini ya tanga, mkavu."

Nikauliza swali la kipumbavu, joshi ni kushoto au kulia. Akaugeuza mkono wake juu ya kikombe. "Mkipindua tanga, joshi nayo huhama. Haina upande wake. Upepo ndio unaoiweka."

Basi wimbo wa bibi, ambao mimi niliufundisha kwa watu kama wimbo wa ukale na enzi, ulikuwa unasema hivi: wawili walisafiri katika chombo kimoja, mmoja amekaa joshini na mmoja demani, na chombo kilipofika pwani, aliyepokewa kwa ubani ni yule aliyeshuka mkavu. Demani ya wimbo haikuwa msimu. Hata lile neno nililojidai nalijua sikulijua.

"Bibi aliutunga siku baba alipooa mke wa pili," kaka akasema. "Wewe ulikuwa unanyonya. Mama ndiye aliyeuza bangili zake baba akapata sehemu katika chombo. Bibi aliuimba pale pale harusini, na watu wakapiga makofi, kwa kuwa wenye kuelewa walikuwa wachache na waliokuwa wanaelewa walinyamaza. Baba alielewa. Hakula chakula siku ile."

Mama yetu alifariki mwaka 1998, bibi miaka mingi kabla yake. Nilikuwa nimeishi na wimbo ule kwa umri wangu wote, nimeuandika, nimehesabu mizani yake, nimeusoma mbele ya kipaza sauti, na sikujua kwamba ni mama yangu aliyekaa ndani yake amelowa maji ya chumvi. Nikamuuliza kaka kwa nini hakuniambia.

"Ulilisema mbele za watu, mdogo wangu. Na likapigwa chapa. Nikuaibishe?" Kisha akaongeza, bila ya kejeli yoyote, na hilo ndilo lililoniuma zaidi: "Tena nikasema, huyu amesoma. Huenda ndani yake mna maana nyengine nisiyoijua mimi."

Baharia aliyekaa joshini kwa miaka kumi alitilia shaka maana ya joshi, kwa sababu ya neno langu moja.

Jioni ile alimwita mwanawe akamtuma kwa mshirika wake wa zamani, akamwambie kwamba madaktari wenyewe wamesema hawajui. Mzee yule alikuja baada ya sala ya isha, akakaa mwisho wa baraza, wakazungumza habari za bei ya karafuu. Ya maradhi hawakuyagusa. Shemeji alipoleta kahawa nilimwona anasita mbele ya sinia. Kisha akavimimina vikombe vyote mfululizo, akaviacha kila mtu achukue alichotaka. Kaka alichukua kile cha buluu kwa mazoea.

Aliishi miaka miwili mingine, chini ya kidogo. Katika muda huo nilikuwa nikivuka kila nipatapo nauli, na daftari, nikimuuliza maneno. Mengi aliyajua. Alipokuwa hajui alisema hajui, akanitajia mtu wa kumuuliza, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kufa.

Kijitabu kile kilichapwa nakala 200. Zilizobaki nyumbani kwangu zilikuwa 58, na zote nimezisahihisha kwa kalamu ya wino, ukurasa wa 27, nikaandika pembeni maana ya joshi na ya demani na jina la baharia aliyenifundisha. Zilizobaki ziko mikononi mwa watu, na mbili ninajua kwamba zimo katika maktaba. Yule binti wa safu ya nyuma nimemtafuta. Jina lake sikuliuliza usiku ule, na waliokuwapo wanamkumbuka kila mmoja kwa sura tofauti.